Kiwanja Kwanza, Mbuyu Baadaye



Mada niliyopewa ni namna ya kubuni jengo linalochota wazo lake kwenye mmea na wakati huohuo likakubaliana na mahali linapojengwa. Ukiisikia haraka unadhani ni mambo mawili: mmea huku, kiwanja kule, na msanifu katikati akihangaika kuvikutanisha. Nitaitumia saa yangu kubisha hapo. Mmea uliodumu mahali fulani kwa miaka mia kadhaa umeshapatana na mahali hapo zamani, na ushahidi wote umo mwilini mwake: kwenye gome, kwenye mizizi, kwenye mwezi unaochipua na mwezi unaopukutisha. Msanifu anatakiwa ausome ushahidi huo. Hawezi kuusoma kama hajui kwanza kiwanja chenyewe kinauliza nini.

Nianze na kinachoniudhi. Kila mwaka nikisahihisha michoro ya wanafunzi nakutana na ua. Waridi, yungiyungi, mwaka mmoja lilikuwemo hata ua la mpapai. Mwanafunzi ameligeuza ua kuwa ramani: kila petali ni darasa, na katikati ni ukumbi. Kwenye karatasi inapendeza kweli. Lakini petali zile wanaoziona ni kunguru tu. Mtu aliye chini anakutana na korido inayopinda na madarasa matano yenye madirisha yanayotazama pande tano, mawili kati yake yakichomwa na jua la saa kumi alasiri mwaka mzima. Nikiuliza kwa nini dirisha la magharibi ni kubwa sawa na la kusini, najibiwa kwamba petali lazima zifanane. Ua halina tatizo hilo, kwa sababu halifundishi hesabu ndani ya petali zake. Linaita wadudu, na wadudu huja kutoka pande zote.

Kuna mtu mmoja wa karne ya 19 ambaye wanafunzi wangu wamechoka kumsikia. Joseph Paxton alikuwa mtunza bustani wa Duke wa Devonshire huko Chatsworth, Uingereza. Mwaka 1849 alifanikiwa kuchanuisha yungiyungi kubwa la Amazoni, ambalo leo huitwa Victoria amazonica. Jani lake hukua hadi kuvuka mita 2 kwa upana na huelea juu ya maji. Paxton alimsimamisha bintiye Annie, mtoto mdogo, juu ya jani, na jani likambeba. Ukiligeuza unaona siri yake. Mbavu nene zinatoka katikati na kugawanyika kadiri zinavyokaribia ukingo, na baina yake zinapita mbavu nyembamba za kukingama. Ngozi yenyewe ni nyororo, unaweza kuitoboa kwa kidole. Uzito haubebwi na ngozi, unabebwa na mbavu.

Mwaka 1850 alilijengea yungiyungi hilo nyumba ya vioo, na mwaka uliofuata likasimama jengo la maonyesho la Crystal Palace katika bustani ya Hyde Park, London: chuma na vioo, urefu zaidi ya mita 560. Hakuna aliyepita pale akasema, lo, yungiyungi. Alichochukua Paxton ni namna ngozi nyembamba inavyoweza kufunika eneo kubwa ikishikwa na mbavu zilizopangwa vizuri. Na tazameni kiwanja kilidai nini. Ilikuwa bustani ya umma, jengo lilitakiwa liinuke kwa miezi michache kisha liondoke, na miti mikubwa iliyokuwepo watu walikataa isikatwe. Paxton akainua paa la duara katikati, na miti ikabaki hai ndani ya jengo. Maji ya mvua yalishuka kupitia ndani ya nguzo, kwa sababu nguzo zilikuwa na uwazi. Baada ya maonyesho jengo lilifunguliwa, likahamishiwa Sydenham, likazinduliwa tena mwaka 1854. Kama lingekuwa la mawe lisingeweza. Jani lilikuwa jibu sahihi kwa swali la bustani ile, na sina hakika kama lingekuwa sahihi mtaa wa pili.

Linganisheni na mnara wa Price Tower uliojengwa Bartlesville, Oklahoma, mwaka 1956. Frank Lloyd Wright aliusanifu kama mti: kiini cha zege katikati ndicho shina, na sakafu zinachomoza kutoka humo kama matawi, bila kuegemea kuta za nje. Kihandisi ni kazi safi, nawasihi mwisome. Lakini wazo lile Wright alilichora kwanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kiwanja cha kanisa jijini New York. Halikujengwa. Likakaa kabatini zaidi ya miaka ishirini, kisha likapata mteja katika mji mdogo wa nyanda za mafuta. Huo ni mti uliochorwa kabla ya kuwa na ardhi. Wapo watakaoniambia ndiyo sifa yake. Mimi naona ni bahati yake.

Hekalu la Wabahai la New Delhi, kazi ya Fariborz Sahba, lililofunguliwa mwaka 1986, linanivuruga kidogo kwa sababu ni ua waziwazi, yungiyungi la petali 27 zilizofunikwa marumaru. Kwa kanuni yangu ningelikataa. Tatizo ni kwamba madimbwi 9 yaliyolizunguka si pambo tu. Hewa hupita juu ya maji, huingia chini ya ukumbi ikiwa imepoa, na ile ya moto hupanda na kutokea juu. Basi ua likubaliwe, lakini kwa kazi ya maji yake, si kwa sura.

Sasa turudi nyumbani, maana sitaki mwondoke hapa mkiwa na historia ya Wazungu peke yake.

Nichukue kiwanja hapa Dodoma. Si kiwanja cha mtu, ni cha mfano, tunachotumia darasani: maktaba ndogo ya umma, ghorofa moja, wasomaji 150 kwa siku. Kabla ya kutaja mmea wowote tunaandika kiwanja kinatupa nini na kinatunyima nini. Tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwinuko wa takriban mita 1,100. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi katikati ya Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 550 hadi 600. Baada ya hapo ni ukame wa siku zipatazo 225. Upepo huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, na huja na vumbi. Usiku wa Julai ni baridi, nyuzi 13 au 14, na watoto wanavaa sweta. Joto kali haliji katikati ya mwaka. Linakuja Oktoba na Novemba, mvua ikiwa bado inasubiriwa, na hewa ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka.

Jua nalo lina ratiba yake. Linapita utosini mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni saa sita mchana liko upande wa kaskazini, limeinama karibu nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba liko kusini, limeinama nyuzi 17 tu. Chukua ukuta wa mita 3: upande wa kaskazini unahitaji paa lichomoze mita 1.7 ili jua la mchana lisiuguse, na upande wa kusini mita 1 inatosha. Mashariki na magharibi hakuna kichomozo kitakachokuokoa, kwa sababu jua linakuja limelala. Kuna jengo moja la ofisi mjini hapa, sitalitaja, limevishwa kioo sawasawa pande zote nne. Viyoyozi vya upande wa magharibi vinalia kuanzia saa nane mpaka walinzi wanapokabidhiana zamu.

Wagogo, wenyeji wa hapa, walijibu kiwanja hiki kwa tembe. Nyumba fupi, paa bapa la miti lililofunikwa udongo mzito, vyumba vimepangwa kuzunguka ua ambamo mifugo hulala. Udongo wa paa huchukua mchana kutwa kupata joto na usiku kucha kulitoa, na ufupi wake huupa upepo kidogo sana cha kushika. Ningependa mwanafunzi alale ndani ya tembe usiku mmoja kabla ya kushika penseli. Lakini paa la udongo halikusanyi maji, na maktaba yetu maji inayahitaji.

Hapo ndipo mbuyu unapoingia. Kila mtu anajua habari ya mbuyu: shina ni tangi, unajaza maji masika, unayanywa kiangazi. Tembo wa Ruaha na Tarangire wanaamini hivyo pia, wanachana magome na kutafuna nyuzi za ndani zenye maji. Huko Kordofan, Sudan, watu walichonga matumbo ya mibuyu na kuyajaza maji ya mvua, wakayateka miezi ya ukame. Kwa hiyo mwanafunzi akisikia mbuyu anachora tangi kubwa la duara, analipachika paa juu, anaandika jina la mradi kwa Kiingereza, kazi imekwisha.

Ila mti wenyewe una hesabu tofauti. Utafiti uliofanywa Madagaska kwa jamaa za mbuyu wetu ulionyesha kwamba maji ya shinani hayatumiki kuuendesha mti siku kwa siku. Kiangazi mbuyu hauna majani. Umeyapukutisha yote, na bila majani hauna kwa kupotezea maji. Akiba yake huitumia hasa mwishoni, ukichipua majani mapya kabla ya mvua kufika, ili tone la kwanza likidondoka likute jikoni kuna moto. Maji hayo yana kazi nyingine pia: mti wa mbuyu ni laini, hautoi mbao, na maji yaliyojaa kwenye chembe zake ndiyo yanayousaidia kusimama. Mwaka ukisonga shina hunywea kidogo, mvua ikija linanenepa tena.

Kwa hiyo tangi si siri ya mbuyu. Siri ni kwamba umepunguza matumizi karibu na sufuri, na umeitunza akiba kwa ajili ya wiki chache maalumu. Jambo hili likikuingia, mchoro wa maktaba unabadilika kabisa, na sasa naomba uvumilivu wenu kwa sababu nitafanya hesabu.

Paa letu, pamoja na vichomozo, ni mita za mraba 400. Mvua ya milimita 550 juu yake ni lita 220,000. Toa moja ya tano kwa yale yanayoruka, yanayokauka na yale ya mvua ya kwanza ambayo tunayamwaga kwa sababu yamejaa vumbi na kinyesi cha ndege. Zimebaki lita 176,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni lita 480 hivi kwa siku. Choo cha kuvuta cha kizamani kinameza lita 9 kila mtu anapovuta, kwa hiyo wasomaji 53 tu wakienda chooni mara moja, maji ya siku yameisha na hakuna aliyenawa mikono. Msanifu wa tangi anajibu hapo kwa kuongeza tangi. Tangi liwe hata kubwa kama uwanja wa mpira, mvua haiongezeki. Mbuyu unajibu kwa kupukutisha. Tunaondoa vyoo vya kuvuta na kuweka vya kumwagia maji, lita 2 kwa kila mtu: lita 300. Tunaacha lita 150 za kunawa, lita 1 kila mmoja, kwa bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe. Jumla 450. Maji ya kunawia yanakwenda kwenye miti ya uani.

Siku 225 za ukame mara lita 450 ni lita 101,250. Juu yake tunaongeza akiba ya majani mapya, nitaieleza sasa hivi, lita 6,000. Tangi linakuwa na urefu wa mita 14, upana wa mita 2.6 na kina cha mita 3, karibu lita 109,000. Na hatuliweki nyuma ya jengo kama kitu cha kuficha. Tunalifanya kuwa ukuta wa magharibi wenyewe. Maji hubeba joto zaidi ya mara 4 ya zege kwa uzito uleule, basi jua la alasiri lijichoshe kwenye maji badala ya kwenye mgongo wa msomaji.

Mhandisi atapinga, na ana haki. Hizo ni tani 109, na Dodoma iko kando ya Bonde la Ufa, ardhi hutikisika mara kwa mara. Ndiyo maana tangi limekaa juu ya ardhi, refu na fupi kimo, halikupandishwa juu ya nguzo. Atasema tena, lifukieni, udongo utasaidia kuta na zege litapungua. Kweli litapungua, lakini utahitaji pampu, na ukuta wa magharibi utarudi kuwa tofali tupu. Hapo ni kuchagua, na mimi nimechagua ukuta.

Kuna udhaifu mmoja ambao wanafunzi waliugundua, na nafurahi waliugundua. Ifikapo Oktoba mosi, tangi limeshatoa lita 76,000, limebaki na kina cha sentimita 90 hivi. Yaani kinga ya maji inashuka chini ya magoti ya rafu za vitabu wakati joto linapanda! Juu ya maji zimebaki kuta mbili za zege na hewa katikati. Si mbaya, kwa sababu ukuta wa nje bado unaupa kivuli ule wa ndani, lakini hewa hiyo lazima itoke. Tumeweka matundu juu na chini ya uwazi huo, yamefungwa nyavu mbili za mbu, hewa ya moto ipande na kutoka. Nyavu zisipokaguliwa tutakuwa tumejenga shamba la mbu lenye vitabu.

Sasa ile akiba. Oktoba na Novemba hewa ni kavu na ya moto, na hewa ya namna hiyo ndiyo inayopozwa na maji kirahisi kuliko zote. Lita 100 zikikauka zinachukua joto la karibu kilowati-saa 67. Upande wa kusini-mashariki, upepo unakoingilia, tunapanga mitungi ya udongo usiopakwa rangi na mapazia ya katani yanayochuruziziwa maji kwa siku 60, lita 100 kila siku. Ndizo zile 6,000. Mfinyanzi yeyote anajua kwamba mtungi unaovuja jasho ndio unaopoza.

Lakini nani atazilinda lita hizo Agosti, maji ya bomba yakikatika na mkuu wa maktaba akilaumiwa kwamba vyoo vinanuka? Hakuna bango litakalozilinda. Zinalindwa na urefu wa bomba. Sakafu ya tangi ina mita za mraba 36. Sentimita 5 za chini tunaziachia tope. Bomba dogo la akiba linatobolewa hapo, sentimita 5 kutoka chini. Bomba la matumizi ya kila siku linatobolewa sentimita 22 kutoka chini. Kati ya tundu na tundu zimelala lita 6,000 na kidogo, na hata ukifungua koki zote za vyoo hazitoki. Bomba la chini lina koki yake ndani ya boksi lenye kufuli, na linafunguliwa Oktoba. Fundi bomba anahitaji futi kamba na penseli tu. Kwangu mimi hapo ndipo mbuyu ulipo katika jengo hili: katika zile sentimita 17 kati ya matundu mawili, ambazo mgeni hatapiga nazo picha.

Paa hatukuliomba mbuyu, kwa sababu kiangazi hauna kivuli cha maana. Tuliuomba mgunga. Kilele chake ni bapa na kipana, majani ni madogo mno, upepo unapita baina yake na chini yake pana ubaridi. Paa letu ni bati jepesi juu ya kenchi za chuma, limeinuliwa kutoka kwenye dari ya tofali, na uwazi wa katikati haukuzibwa. Bati linaungua, joto linapeperushwa kabla halijafika darini. Njia hii imethibitishwa na Diébédo Francis Kéré, Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu majengo, mwaka 2022. Shule aliyoijenga kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za tofali za udongo na bati lililoinuliwa juu ya kenchi nyembamba, na watoto wanasoma bila kiyoyozi.

Kéré huyohuyo alijenga banda la Serpentine jijini London mwaka 2017 akiwa na mti wa Gando akilini, ule ambao wanakijiji hukusanyika chini yake. Tazameni alivyobadilika. Gando paa linakimbiza joto. London, ambako joto ni bahati na mvua ni kawaida, paa lake linainamia katikati, mvua inadondoka kwenye tundu la kati kama maporomoko na watu wamekaa kavu wakiitazama, kisha maji yanakwenda kwenye bustani. Mti mmoja, viwanja viwili. Angepeleka paa la Gando London tungemcheka, kwa heshima.

Mtu wa Tanga ataniuliza: na kwetu mibuyu imejaa, tujenge hivyohivyo? Hapana. Mbuyu wa pwani uko ndani ya hewa yenye unyevu, na mapazia yenu ya katani yatabaki yamelowa tu, vitabu viote ukungu. Huko uliza mnazi, ambao jani lake limechanika vipande ili upepo wa kaskazi upite bila kuung'oa mti. Au ulizeni mikoko. Pwani imejua kujenga kwa kipimo cha mmea kabla ya sisi kuzaliwa: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba, mara nyingi upana wa mita 2.5 hadi 3, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko ilipokomea. Mkoko uliamua upana wa chumba cha harusi, na hakuna aliyeuita ubunifu.

Nigusie haraka mambo ya majani yanayotembea, maana vijana huyapenda. Vyuo vikuu vya Stuttgart na Freiburg vilichunguza ua la Strelitzia la Afrika Kusini. Ndege akitua, petali zinapinda na kufunguka kwa uzito wake, bila bawaba. Kutokana na hilo wakatengeneza vizuia-jua vinavyopinda, na wazo likaingia kwenye banda la maonyesho ya Yeosu, Korea Kusini, mwaka 2012, lenye vibati 108 vya nyuzi za kioo. Kukosa bawaba ni jambo kubwa kwa mji wa vumbi kama huu, bawaba zetu hukwama ndani ya miezi. Msanifu Achim Menges naye ametumia mbao nyembamba zinazojikunja kama koni ya msonobari, zinafunguka hewa ikikauka na kujifunga unyevu ukipanda, bila mota wala waya. Misonobari tunayo katika shamba la miti la Sao Hill, ekari kwa ekari. Natamani mwanafunzi mmoja ajaribu vifuniko vya dirisha vya mbao za paini vinavyojifunga mvua ikinukia. Ajaribu kwanza kwenye dirisha la stoo.

Upande wa kusini-mashariki tulifikiria ua wa mnyaa kuchuja vumbi, kwa kuwa haunywi maji na mbuzi hawaugusi. Tukakumbuka utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na hapa watakuja watoto. Tumeusogeza mpaka kwenye mpaka wa kiwanja, nje ya njia.

Watu huniuliza kama jengo hili hatimaye linafanana na mbuyu. Ukisimama magharibi utaona ukuta mnene mfupi usio na dirisha, na juu yake paa jembamba. Atakayetaka kuuona mbuyu atauona. Mkadiriaji majenzi yeye anaona mita za ujazo za zege, na mpaka sasa hatujakubaliana naye kuhusu unene wa kuta za tangi.

La mwisho ni gata. Hesabu zote nilizowasomea zinategemea gata zisafishwe katikati ya Novemba, na mtu awepo mvua ya kwanza ikinyesha, afungue njia ya kumwaga, kisha aifunge. Asipokuwepo, tope linaingia, linavuka zile sentimita 5, bomba la akiba linaziba, na mwaka unaofuata Oktoba mitungi inakaa mikavu. Kwenye mkataba wetu wa mfano tumeandika cheo cha mwenye kazi hiyo na siku anayolipwa, ukurasa uleule ulio na bei ya nondo. Michoro iko ukutani kule nyuma, na matundu mawili ya bomba yamezungushiwa wino mwekundu. Karibuni kwa maswali, na kama yupo fundi bomba ukumbini naomba aanze yeye.